Kambi ya Meno ya Siku Moja, au Mswaki wa Kila Siku Shuleni?

Akina mama wa dagaa wa pale Mwaloni, Kirumba, waliniita mwezi uliopita. Wana kikundi chao cha hisa, na kila wanapokutana huweka pembeni kidogo kwa ajili ya mfuko wa jamii: msiba, ugonjwa, uzazi. Mwaka huu mfuko umebaki na kitu, wakakubaliana kiende kwenye meno ya watoto wa shule ya mtaa wao. Kukubaliana kukaishia hapo. Nusu wanataka kambi, yaani madaktari waje siku moja, hema lisimamishwe uwanjani, watoto na wazazi wapimwe na wenye meno mabovu wang'olewe. Nusu wanataka kununua miswaki na dawa ya meno, watoto wapige mswaki kila siku ya shule mwalimu akiwa amesimama mbele yao.

"Mwalimu, wewe umeyaona yote mawili. Tuambie."

Ni kweli nimeyaona. Nimefundisha shule za msingi miaka ishirini na saba, na kwa miaka kumi na mmoja kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa afya, kwanza Ukerewe, baadaye huku mjini kwenye vilima vya Igogo. Nimepanga kambi tatu na nimesimamia mswaki wa asubuhi mpaka sauti ikakauka. Niliyowaambia akina mama wale ndiyo ninayoandika hapa, kwa sababu najua kamati nyingi za shule na vikundi vingi kandokando ya ziwa vinakaa kwenye swali hili hili kila inapokaribia tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani.

Jibu langu nalitanguliza: kama fedha inatosha jambo moja tu, nunueni miswaki na dawa, muanze na darasa la awali na la kwanza. Kambi ina kazi yake, na ni kazi nzito, lakini si kazi ya kuzuia. Sasa naeleza kwa nini.

Jino linavyooza

Hakuna mdudu anayeingia kwenye jino akatoboa kama fukusi kwenye mahindi. Kinachotokea ni hiki: juu ya jino hukaa ukoga, ule utando laini unaousikia kwa ulimi asubuhi, na ndani yake kuna bakteria. Wakipata sukari hutengeneza asidi ndani ya dakika chache. Asidi hiyo hunyonya madini ya jino kwa muda wa kama dakika ishirini hadi thelathini, kisha mate huanza kuyarudisha. Floridi, kitu kinachotiwa kwenye dawa nyingi za meno, iwapo ipo kinywani huyasaidia madini kurudi haraka na kukaa imara. Jino huoza pale ambapo kunyonywa kunazidi kurudishwa, siku baada ya siku, kwa miezi mingi.

Kwa hiyo idadi ya mara ambazo sukari inaingia kinywani ina uzito kuliko hata kiasi chake. Mtazame mtoto wetu wa kawaida: chai ya sukari alfajiri, barafu ya rangi kwenye mapumziko, ubuyu njiani, pipi ya hamsini aliyopewa na mwenzake, kipande cha muwa jioni, chai tena usiku. Mara sita. Meno yake hayapati nafasi ya kupumua. (Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, siipigi vita. Iliyopikwa na karanga, ikaliwa kama mlo ikaisha, haina shida. Shida ni kile kinachomung'unywa mchana kutwa.)

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa wa aina moja au nyingine, na meno yaliyooza ndiyo yanayoongoza. Ni ugonjwa wa kila siku. Ndiyo maana kila mara ninapoulizwa kuhusu kambi, swali langu la kwanza huwa: na kesho yake?

Kuna jino moja nataka kila mzazi alijue. Mtoto akifika miaka sita hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto huota gego jipya, kila upande, juu na chini. Halisukumi jino lolote lidondoke. Linajiotea kimya kimya, na kwa sababu hakuna kilichong'oka mzazi huliona akadhani ni jino la utoto kama mengine. Likianza kuwa na doa jeusi anasema, "Litang'oka lenyewe, litaota jingine." Halitaota. Hilo ni la kudumu, la kutafunia nyama na mahindi mpaka uzeeni, na lina mifereji juu yake inayoshika ukoga vizuri sana. Magego ya darasa la tatu na la nne niliyoyaona yamekwisha kutoboka yalikuwa karibu yote ni haya.

Kambi inatoa nini

Nisiidharau. Mtoto mwenye jino linalouma hasikii hesabu. Halali, hali, anakaa ameshika shavu dirishani. Katika kambi ya kwanza niliyoipanga, kwenye shule moja ya karibu na mwalo, walikuja watu wazima ambao walikuwa wameteseka miezi. Mvuvi mmoja aliingia na shavu limevimba hadi jicho limefumba. Daktari alimpa dawa na kumwandikia aende hospitali siku ile ile, akasema usaha ukishuka shingoni mtu anaweza kufa. Mvuvi yule asingekwenda popote kama hema lisingekuwa pale. Mswaki wa darasa la kwanza usingemsaidia kitu.

Kambi inafika kwa mtu mzima pia. Inagundua kidonda kisichopona chini ya ulimi cha mzee anayeweka ugoro, fizi zinazovuja damu za mama mjamzito, jino lililovunjika la bodaboda. Kwa haya sijui mbadala wake.

Lakini sikilizeni kilichotokea mchana wa kambi ile ile. Foleni ilikuwa ndefu kuliko walivyotarajia. Kuziba jino kunachukua muda, kung'oa ni dakika chache, na vifaa vya kuziba vilikuwa vichache. Kufika saa tisa walikuwa wanang'oa tu. Binti mmoja wa darasa la tatu, mwenye bidii, wa kwanza kunyoosha kidole, alikaa kwenye kiti na gego lake la miaka sita lenye tundu ambalo hata mimi niliona lingeweza kuzibwa. Likang'olewa. Nilisaini mimi kwenye daftari, mama yake alikuwa sokoni. Jioni viongozi wa waliotuletea kambi wakatangaza idadi ya waliohudumiwa, picha zikapigwa, tukaahidiwa kwamba watarudi baada ya miezi sita kufuatilia. Hawakurudi. Mwaka uliofuata binti yule alikuwa na tundu jingine upande wa pili.

Sisemi kila kambi iko hivyo. Nasema ndivyo kambi inavyoelekea kuwa ikikosa usimamizi, kwa sababu mafanikio yake yanapimwa kwa hesabu ya watu waliopita kwenye kiti. Na katika nchi yetu kung'oa bado ndiyo tiba inayotolewa zaidi ya zote, maana watu wanakuja jino limekwisha. Mtoto wa miaka tisa anayepoteza gego la kudumu ana miaka hamsini ya kutafuna kwa upande mmoja.

Na mafundisho yanayotolewa kambini kwa kipaza sauti? Yanaongeza ujuzi. Ukiwauliza watoto wiki ijayo watakujibu sawasawa: mara mbili kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala. Ukifika nyumbani kwao unakuta mswaki mmoja wa watu watano, au hakuna.

Mswaki wa kila siku shuleni

Uzuri wake mkubwa, na huu watu wengi hawauoni mpaka waelezwe, ni kwamba hauhitaji bomba. Tumezoea kuwaza kupiga mswaki na kikombe cha maji mkononi. Sivyo lazima. Mtoto anawekewa dawa kwenye mswaki mkavu, anapiga kwa dakika mbili, anatema, basi. Hasuuzi. Wataalamu wenyewe wanashauri hivyo, kwa sababu ukisuuza unaitupa floridi uliyokwisha kulipia. Ukitema tu inabaki kwenye meno ikifanya kazi.

Fikirieni maana yake kwa shule ya Ukara, au ya mwalo wowote wa Sengerema. Maji yapo mbele ya macho, lakini ni maji ya ziwa, na kumwambia mtoto ashuke ufukweni akapige mswaki ni kumpeleka kwenye kichocho kwa miguu yake mwenyewe, achilia mbali kuhara. Mswaki mkavu unaondoa safari hiyo. Watoto wanajipanga kando ya mfereji au shimo dogo lililochimbwa nyuma ya darasa, wanatema humo, mmoja wa zamu anafukia mchanga. Maji yanayohitajika ni ya kusuuzia miswaki tu, ndoo moja yenye koki ikatosha, ya maji ya bomba au yaliyotiwa dawa.

Ushahidi upo. Mapitio ya tafiti 70 hivi, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba dawa ya meno yenye floridi inapunguza kuoza kwa meno ya kudumu ya watoto kwa takriban asilimia 24, na nguvu yake inaongezeka pale mtoto anaposimamiwa. Ufilipino wamekuwa wakifanya mswaki wa pamoja nje ya madarasa, sambamba na kunawa mikono, walimu wa kawaida ndio wasimamizi. Uskoti wana mpango uitwao Childsmile wa mswaki katika shule za awali. Tathmini ya mwaka 2015 ilikuta kwamba kufikia mwaka wa nane fedha iliyookolewa kwenye matibabu ya watoto wa miaka mitano ilikuwa zaidi ya mara mbili ya fedha iliyotumika kwenye miswaki. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floridi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa za kawaida za hospitali.

Gharama mnaweza kuipiga wenyewe. Mtoto wa darasa la awali au la kwanza anahitaji dawa ya ukubwa wa punje ya njegere, kama robo gramu. (Mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, punje ya mchele inamtosha. Yale mapicha ya kwenye matangazo, dawa imefunika mswaki mzima, ni ya kuuza dawa.) Darasa la watoto mia moja, ambalo kwetu si la ajabu, linatumia gramu 25 kwa siku. Kwa siku 194 za mwaka wa masomo ni gramu 4,850. Gawanyeni kwa tyubu ya gramu 140: tyubu 35 kwa mwaka mzima, kwa watoto mia. Ongezeni miswaki mitatu kwa kila mtoto kwa mwaka, maana nywele zake zikishalala haisafishi tena. Nendeni duka la jumla, mpige bei, mlinganishe na gharama ya siku moja ya kambi: usafiri wa wataalamu, posho, chakula, hema, viti, jenereta, kipaza sauti, fulana. Mimi nimeipiga mara nyingi. Fulana peke yake ziliwahi kunipa tyubu za muhula.

Kinachoshindikana ni nini? Mwalimu. Nasema kwa upendo kwa wenzangu. Mwalimu wa darasa la kwanza mwenye watoto mia na ishirini hahitaji kazi nyingine, na mkimletea maboksi ya miswaki bila kukaa naye mtayakuta stoo muhula ujao, boksi moja likiwa limeliwa na panya. Kwetu ilisimama pale tulipoifunga kwenye ratiba: mara tu baada ya uji, kabla ya kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, dakika kumi, na wazazi wawili wa zamu kila wiki wakitoka kwenye orodha ya kamati. Wazazi wa zamu ndio waliobana dawa kwenye miswaki, mwalimu alihesabu muda kwa makofi. Shule isiyo na uji ichague muda wowote, mradi uwe ule ule kila siku.

Jambo la pili linaloangusha ni pa kuweka miswaki. Ikirundikwa kwenye ndoo moja, nywele zikigusana, mnaambukizana. Fundi seremala atawatobolea ubao mrefu matundu ya kusimamishia mswaki mmoja mmoja, kichwa juu, jina la mtoto chini yake limeandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ubao ufunikwe kwa wavu au kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Mnaokaa ufukweni mnajua vile vidudu vya ziwa vinavyopanda juu ya maji kama moshi. Asubuhi moja niliacha ubao wazi, nikaukuta mweusi. Tukaosha miswaki tisini na nne kabla ya kengele.

Na tyubu zisomwe kabla ya kununuliwa. Tafuteni neno fluoride na namba kati ya 1000 na 1500 ikifuatiwa na ppm, alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na tarehe ya mwisho. Dawa ya mitishamba isiyo na floridi inaweza kunukia vizuri na kutoa povu zuri, lakini kazi tunayoitaka haifanyi. Mkaa wa unga vivyo hivyo: unakwangua, meno yanang'aa wiki ya kwanza, halafu unaendelea kukwangua. Kijiti cha mswaki cha asili, kikitafunwa kikawa laini na kikatumiwa na mkono unaojua, kinaondoa ukoga vizuri, na sitamkataza babu. Mtoto wa miaka sita hafiki nacho nyuma kwenye lile gego.

Zikikaa bega kwa bega

Akina mama waliniomba niseme kwa ufupi, kila jambo pande zote mbili, ili wakalisomee kikundi. Nikawaambia hivi.

Maumivu ya leo: kambi inayaondoa, mswaki hauyagusi. Matundu ya mwakani: mswaki unayapunguza, kambi haiyagusi.

Watu wazima: ni wa kambi. Watoto wa miaka mitano hadi saba, ambao magego yao ndiyo kwanza yanaota: ni wa mswaki, na hakuna umri ambao shilingi yenu itazaa zaidi ya hapo.

Mtaalamu: kambi haiendi bila yeye, na kwa visiwani yuko mbali, Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, ni zaidi ya saa tatu za meli na bado hujafika mwaloni. Mswaki unahitaji mtaalamu siku mbili tu mwanzoni, kufundisha walimu na wazazi, halafu mara moja moja kukagua.

Fedha: ya kambi inatoka siku moja ikaisha. Ya mswaki ni ndogo lakini hairuhusu kusahau. Ikikatika miezi miwili mazoea yanakufa. Kikundi chenye nidhamu ya hisa kinaweza hili kuliko mfadhili mkubwa anayekuja mara moja, na niliwaambia hivyo usoni.

Sifa: kambi inaonekana. Mwenyekiti anakuja, anasema neno. Mswaki hauna sherehe. Najua uzito wa jambo hili kwa kikundi kinachotaka kutambulika mtaani, wala si dhambi kulitaka. Lakini lisiwe ndilo linaloamua.

Kuna ya katikati

Mama mmoja aliuliza kama ni lazima iwe moja kati ya hizo mbili. Si lazima, na hili ndilo ningelifanya mimi fedha ikiongezeka kidogo mwaka wa pili.

Kuna namna ya kuziba meno isiyohitaji umeme wala mashine. Mtaalamu anakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha anajaza kwa udongo wa glasi ayonoma, ambao unashikamana na jino na kutoa floridi polepole. Mbinu hii ilianza kujaribiwa hapa hapa Tanzania, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, ikaenda dunia nzima. Shirika la Afya Duniani liliitangaza mwaka 1994. Imezaliwa kwa ajili ya shule kama za kwetu. Mtoto analala kwenye meza mbili zilizounganishwa, mwanga wa dirishani na tochi ya kichwani inatosha. Mtaalamu huyo huyo anaweza kufunika mifereji ya magego mapya ambayo bado hayajaoza, ukoga ukose pa kujificha. Kwa meno ya utoto yaliyokwisha kutoboka ipo pia dawa ya matone yenye madini ya fedha na floridi, inayosimamisha kuoza. Inaacha jino jeusi, kwa hiyo mzazi aelezwe na akubali kwanza.

Badala ya kambi ya watu mia nne kwa siku moja, basi, mwombeni daktari wa meno wa halmashauri yenu awapangie mtaalamu mmoja na msaidizi, siku tatu, kwa darasa la kwanza na la pili tu. Hakutakuwa na hema wala hotuba. Kutakuwa na watoto thelathini kwa siku ambao magego yao yamebaki mdomoni.

Mkiamua kambi hata hivyo

Basi ifanyeni iwe ya kweli. Kibali kipitie kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, na kila atakayeshika koleo awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ombeni kuona cheti, hakuna atakayechukia isipokuwa asiyekuwa nacho. Ulizeni vifaa vinatakaswa wapi kati ya mgonjwa na mgonjwa. Beseni la maji yenye dawa halitoshi, maana homa ya ini inapita kwa damu kidogo sana. Iwepo otoklevu, ile mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, au seti za kutosha zilizofungwa tayari. Kubalianeni kwa maandishi kwamba gego la kudumu la mtoto linalozibika halitang'olewa bila mzazi kuwepo. Wanaohitaji zaidi waandikwe majina, na mtu mmoja wa kamati akabidhiwe orodha hiyo kuwafuatilia hadi hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando.

Siku iangalieni angani. Wakati wa mwezi mpevu dagaa hawavuliwi, taa haziwavuti, wavuvi wanakuwa nyumbani na akina mama hawana rundo la kuanika. Kambi ya giza la mwezi itajaa watoto peke yao, baba amelala usingizi wa mchana na mama yuko kwenye vichanja. Nilikosea hivi mara mbili.

Na kambini pasemwe wazi habari ya meno ya plastiki. Bado kuna mtoto mchanga mwenye homa na kuhara anayepelekwa kwa mtu wa kumchokonoa fizi, eti atolewe meno ya plastiki au ya nailoni yanayomuua. Kinachotolewa pale ni vichipukizi vya meno yake halisi, na kinachomuua ni maji kumwishia mwilini, au damu na maambukizi ya kile kisu. Mtoto huyo anahitaji maji ya chumvichumvi na zahanati, saa hiyo hiyo. Siku ambayo bibi, mama na mkwe wamekaa kwenye benchi moja ndiyo siku ya kulisema, taratibu, bila kumwaibisha aliyewahi kufanya.

Neno moja kwa waliohamia ndani, mbali na ziwa. Maji ya ziwa yana floridi kidogo, kwa hiyo sisi wa ufukweni hatuna hofu nayo. Lakini baadhi ya visima vya upande wa Shinyanga na Singida vina floridi nyingi mno, ile inayotia meno madoa ya kahawia, na magadi ya kulainishia makande na maharage yanaongeza. Huko dawa ya meno bado ni halali, ila msimamie mtoto asiimeze, na magadi yapunguzwe kwenye chungu cha watoto wadogo ambao meno yao ya kudumu bado yanajengeka ndani ya fizi.

Akina mama wa Mwaloni walipiga kura kwa mikono. Mswaki ulishinda kwa kura nne, na walioshindwa wakaomba kwamba fedha ya mwakani imlete mtaalamu wa siku tatu. Fundi amekwisha pewa kazi ya ubao. Kilichobaki hatujakimaliza ni likizo: ikifungwa Juni watoto wanakaa mwezi bila mswaki wa shule, na mazoea ya miezi mitano yanaweza kupotea. Tumefikiria kila mtoto apewe mswaki wake wa muhula aondoke nao nyumbani siku ya kufunga, pamoja na tyubu moja ndogo kwa kila kaya, na Julai akute mswaki mpya umesimama kwenye tundu lenye jina lake. Tyubu hizo ndogo hazimo kwenye zile 35. Mweka hazina anazipigia hesabu.